Kuwakaribisha Samaki Wageni Katika Maji Yetu



Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya samaki, na hapana shaka wako watakaocheka. Sisi twakaa Karatu, nchi ya ngano na mahindi na mbaazi, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Msafiri apandaye kutoka Mto wa Mbu, akaliacha Ziwa Manyara chini yake, akapita Rhotia na kufika kwetu, huona mashamba ya udongo mwekundu, na ng'ombe, na mbele yake msitu wa Ngorongoro uliofunikwa na ukungu. Samaki hamwoni, ila yule mkavu aliyepangwa sokoni. Basi mwalimu wa Karatu ana neno gani la kusema juu ya samaki?

Neno tulilo nalo ni la watu waliokosea. Tumewaua samaki wengi kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa nia njema, na pamoja na hayo tumemtia hasara jirani yetu aliyetuamini. Kwa kuwa siku hizi watu wengi huchimba mabwawa ya samaki karibu na nyumba zao, na shule nyingine zimeanza kuweka samaki katika matangi ya kioo, twaona yafaa tuwasimulieni mambo yalivyokuwa, ili ninyi msije mkanunua elimu hii kwa bei tuliyoinunua sisi.

Katika chuo chetu cha ualimu kuna chumba cha masomo ya viumbe. Mwaka 2017 tulipata vioo vilivyosalia katika ujenzi, na fundi akatuunganishia tangi lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40, yaani lenye kuchukua lita 160 likijazwa mpaka juu. Shabaha yetu ilikuwa wanafunzi wetu, ambao kesho watakuwa walimu vijijini, wamwone samaki akiwa hai, wajue avutavyo pumzi na aleavyo watoto. Sato jike, kwa mfano, huyaokota mayai yake akayaweka kinywani na kuyalea humo, na hata watoto wakiisha kutoka katika mayai hukimbilia kinywani mwa mama yao waonapo hatari. Mtoto akilisoma jambo hilo kitabuni hulisahau. Akiliona kwa macho yake halisahau.

Tulikwenda kununua vifaranga 40 wa sato katika nchi ya chini yenye joto, mwendo wa saa tano kwa gari. Muuzaji aliwatia katika mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa ya oksijeni, akaufunga kwa mpira. Tulifika chuoni usiku, katika mwezi wa Julai, nanyi mlio wenyeji wa nyanda za juu mwaijua Julai ilivyo. Tangi tulikuwa tumelijaza siku ile ile kwa maji ya bomba, safi, yenye kung'aa. Tukaufungua mfuko, tukaumimina wote, maji na samaki pamoja. Wanafunzi wakapiga makofi.

Asubuhi vifaranga 11 walikuwa wakielea juu ya maji. Siku ya tano walisalia 3. Mwanafunzi aliyekuwa na kazi ya kuandika daftari ya tangi aliandika tarehe na hesabu ya waliokufa, wala hakuongeza neno. Ilikuwa rahisi kumlaumu muuzaji, nasi tulimlaumu kwa muda wa siku mbili. Kisha tuliketi pamoja, walimu na wanafunzi, tukajiuliza tuliwatenda nini samaki wale.

La kwanza lilikuwa dhahiri mara tulipotia kipimajoto katika maji. Kule walikotoka, maji yalikuwa na joto la digrii 27. Tangi letu usiku ule halikupita digrii 17. Sisi wanadamu hubeba joto letu ndani ya mwili, na mtu akitoka nyumba yenye moto akaingia katika baridi hutetemeka tu, akajifunika blanketi. Samaki hana moto wa ndani. Mwili wake huwa na joto lile lile la maji aliyomo, na damu yake, na tumbo lake, na mapigo ya moyo wake, vyote hufuata maji. Kumtoa katika digrii 27 na kumtupa katika 17 kwa dakika moja ni kumpiga pigo kubwa kuliko tuwezavyo kufahamu. Tena sato ni samaki wa nchi ya joto: hukua vizuri maji yakiwa kati ya digrii 25 na 30, na yakipungua 20 huanza kudhoofika na kukataa chakula. Mtu wa Karatu au Oldeani atakaye kumfuga hana budi kuchagua mahali penye jua mchana kutwa, tena pasipo upepo wa kutoka msituni.

Dawa ya kosa hilo ni nyepesi. Mfuko usifunguliwe. Uwekwe juu ya maji ya tangi au bwawa, uelee humo kwa muda wa dakika 20 au zaidi, hata joto la maji ya ndani na ya nje likaribiane. Kipimajoto ni bora kuliko mkono, lakini asiye nacho na atie mkono mmoja katika maji ya bwawa, kisha aushike mfuko kwa ule mwingine, asiwe na haraka. Tofauti ya digrii 2 si neno; tofauti ya 10 ni mauti. Na ikiwa maji ya nyumbani ni baridi mno, heri kungoja msimu wa joto kabla ya kununua. Vitabu vingi husema kwamba samaki watiwe bwawani alfajiri. Twaviheshimu vitabu, lakini hivyo viliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo jua la mchana huchoma. Hapa kwetu alfajiri ndiyo saa ya baridi kuliko zote. Tena katika bwawa lenye maji ya kijani oksijeni huwa chache kabisa wakati huo, maana mimea ile midogo hutoa oksijeni kwa nuru ya jua, na usiku kucha huila pamoja na samaki. Sisi sasa hufanya kazi hii alasiri, maji yakiisha kupata joto.

Jambo la pili lilitusumbua zaidi, kwa kuwa halionekani kwa macho. Kila samaki, kama kila kiumbe chenye kula, hutoa taka. Taka kubwa ya samaki ni amonia, nayo hutoka zaidi katika mashavu yake anapovuta pumzi. Amonia ni sumu. Sasa fikirini mfuko uliofungwa kwa saa tano, ndani yake vifaranga 40, kila mmoja akitoa amonia yake. Mbona hawakufa njiani? Hawakufa kwa sababu pumzi yao wenyewe iliwaokoa. Hewa chafu waliyoitoa katika kupumua iliyeyuka katika maji ya mfuko na kuyatia uchachu, na katika maji yenye uchachu amonia hulala usingizi, ikawa haina nguvu ya kudhuru. Lakini mfuko ukifunguliwa, hewa ile chafu hutoka, uchachu hupungua, na amonia iliyolala huamka. Na nchi kama yetu ya Karatu, iliyo juu ya mawe ya volkano, mara nyingi ina maji yenye asili ya magadi, ambayo ni kinyume cha uchachu. Ukimimina maji ya magadi juu ya maji ya mfuko, unaiamsha sumu kwa kelele.

Kwa hiyo zipo desturi mbili, wala zisichanganywe. Samaki aliyesafiri muda mfupi, nusu saa au saa moja, aweza kuzoezwa polepole: mfuko unafunguliwa, maji ya tangi yanaongezwa kikombe kimoja kimoja kila baada ya dakika chache, hata yawe mengi kuliko yale aliyokuja nayo. Lakini samaki aliyesafiri saa nyingi katika mfuko uliofungwa asikawizwe humo baada ya kuufungua. Joto likiisha kulingana, mfuko unafunguliwa, samaki wanachotwa upesi kwa kimia, wanatiwa katika maji yao mapya, na maji ya mfuko yanamwagwa shambani. Hayo maji ya mfuko yasiingie katika tangi wala bwawani hata kidogo, maana mna amonia, na kinyesi, na huenda mna magonjwa. Sisi tuliyamimina yote. Tena mnunuzi mwenye busara humwomba muuzaji asiwalishe samaki siku moja kabla ya safari, ili wasafiri na matumbo matupu na kuuchafua mfuko kidogo.

Na yale maji yetu safi, yenye kung'aa? Hayo nayo yalikuwa na kosa lake. Kwanza, maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini huunguza mashavu ya samaki. Yafaa yakae wazi katika ndoo au pipa siku nzima, tena yakorogwe mara kwa mara, ili dawa itoke. Lakini kosa kubwa lilikuwa upya wa tangi lenyewe.

Hapa twaomba wanafunzi wasikilize sana, maana ni somo zuri. Ndani ya bwawa la zamani, juu ya mawe, katika mchanga, katika utando ule utelezao ambao akina mama wapendao usafi wangetaka kuusugua, wamo bakteria wa namna mbili. Wa kwanza huila amonia na kuigeuza kuwa naitraiti. Naitraiti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki, damu ikageuka rangi ya kahawia, ikashindwa kuchukua oksijeni, hata samaki akahema juu ya maji kama aliyekosa hewa na huku hewa ipo. Ndipo bakteria wa pili huila naitraiti na kuigeuza kuwa naitreti, ambayo haidhuru sana, na mimea hupenda kuila. Hao ndio wafagiaji wa nyumba ya samaki. Tangi jipya halina wafagiaji. Huchukua majuma manne hata sita kabla hawajawa wengi wa kutosha, na katika maji ya baridi hukawia zaidi. Sisi tuliwatia wageni 40 katika nyumba isiyo na mfagiaji hata mmoja, kisha kwa huruma tukawalisha mara nne kwa siku, na chakula kilichosazwa kikaoza na kuongeza amonia.

Basi mwenye tangi jipya na aanze na samaki wawili au watatu, awalishe kidogo, abadili robo ya maji kila juma, na aongeze wengine baada ya mwezi. Akiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, na amwombe konzi mbili za mchanga au mawe machache, ayabebe yakiwa na majimaji bila kuyaosha kwa klorini, maana wafagiaji hukaa humo. Samaki wetu watatu waliosalia ndio waliotutengenezea tangi. Hata mwaka ule ulipokwisha walikuwa wakubwa, na maji yalikuwa mazima.

Lau tungeishia hapo, mazungumzo haya yangekuwa mafupi, na jirani yetu asingetajwa.

Jirani huyo ni mzee mkulima, ambaye shamba lake limepakana na chuo. Alikuwa amechimba bwawa mahali penye chemchemi ndogo, akafuga sato wapatao 600. Kwa samaki hao alikusudia kulipa ada ya binti yake aliyeingia kidato cha kwanza. Mwaka 2018 tulinunua vifaranga wengine 50. Safari hii tulifanya yote kwa adabu: joto tulipima, mfuko tuliuelea, maji ya mfuko tuliyamwaga. Tulitia 20 katika tangi letu pamoja na wale watatu, na 30 tukampelekea mzee kwa ndoo, zawadi ya ujirani. Akatushukuru sana, akatupa mahindi.

Siku ya nane mwanafunzi wa daftari aliandika kwamba samaki watatu wa kale wanajisugua juu ya mawe. Siku ya kumi waliota vipele vyeupe mwili mzima, vidogo kama chembe za chumvi. Tulikuwa bado tunaulizana ni kitu gani, mzee akaja chuoni. Hakuja kwa hasira. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Walimu, samaki mliowaleta walikuja na wageni wao. Nami sikuwaalika."

Ugonjwa ule huitwa vipele vyeupe, na mwenye kuuleta ni kijidudu kidogo mno. Tabia yake ni hii. Huingia chini ya ngozi ya samaki na kula humo; hicho ndicho kipele tukionacho. Akishiba hutoka, huanguka chini katika tope, hujijengea ganda, na ndani ya ganda hugawanyika kuwa wengi, mamia kwa mamia. Kisha ganda hupasuka, wadogo hao huogelea kumtafuta samaki. Alipo ngozini dawa haimpati. Alipo katika ganda haimpati. Hupatikana tu wakati ule mfupi anapoogelea. Ndiyo maana mtu akitia dawa siku moja, akaona vipele vimeondoka, hujidanganya: havikupona, vimeshuka chini kuzaa.

Tena sikieni jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko watu wa chini. Mwendo wa maisha ya kijidudu huyu hufuata joto. Katika maji ya digrii 25 huumaliza mzunguko wake kwa muda wa juma moja hivi. Katika digrii 15 huchukua majuma mawili au zaidi, na maji yakiwa baridi zaidi hupita mwezi. Kwa hiyo mtu wa Tanga au wa Mwanza akimtenga samaki mgeni kwa majuma mawili, ugonjwa kama upo utajionyesha. Mtu wa Karatu akifanya hivyo mwezi wa Julai, samaki aweza kuonekana mzima kabisa siku ya kumi na nne, naye amebeba mauti. Kwetu siku za kutenga ziwe nyingi zaidi: majuma manne wakati wa joto, na sita wakati wa baridi. Hesabu hiyo si ya kitabuni. Ni yetu, na twaishika kwa sababu ya bwawa la mzee.

Kutenga si kazi ya gharama. Beseni kubwa au pipa lililokatwa hutosha, likiwekwa mbali kidogo na tangi. Ndani mtiwe jiwe au chungu kilichovunjika, samaki apate mahali pa kujificha, kwa maana mwenye hofu huugua upesi. Maji yabadilishwe sehemu kila baada ya siku mbili tatu, kwa sababu humo nako wafagiaji ni wachache. Kimia na ndoo ya karantini viwe vyake peke yake. Kama mtu hana viwili, basi kile kimoja kikaushwe juani mpaka kikauke kabisa kabla ya kutumika mahali pengine. Vipele vikionekana, chumvi ya kawaida, gramu 2 au 3 kwa kila lita ya maji, ikiyeyushwa kwanza katika ndoo na kuongezwa polepole kwa muda wa siku mbili, husaidia sana, nayo iendelee mpaka siku nyingi zipite baada ya kipele cha mwisho kutoweka. Katika beseni mtu aweza kufanya hivyo. Katika bwawa la mzee ingehitajiwa chumvi ya kujaza gari.

Katika samaki wake 600 walipona kama 200. Sisi hatukuwa na la kumjibu. Tulimwahidi kwamba tutamrudishia vifaranga, naye akakubali, akatia kofia yake kichwani, akaenda.

Kabla hatujaeleza ahadi hiyo ilivyotimizwa, twataka kutaja jambo moja lililotokea katikati. Tulipoona tangi limechafuka kwa ugonjwa, mwanafunzi mmoja, kijana mpole, alitoa shauri kwamba samaki waliobaki tuwahurumie, tuwapeleke korongoni tukawaachie huru katika kijito. Wengine waliona shauri jema. Sisi tuliwakataza kwa ukali kuliko ilivyo desturi yetu, na sababu twawaeleza ninyi kama tulivyowaeleza wao.

Maji ya nchi hii hayapotei. Yatokayo katika misitu ya Ngorongoro na Oldeani huteremka, mengine upande wa Mang'ola kuelekea Ziwa Eyasi, mengine upande wa Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Manyara. Na katika maziwa hayo mawili ya magadi, pamoja na Kitangiri na maziwa ya Singida, anaishi perege wa namna yake, ambaye wataalamu walimwandika mwaka 1905, naye hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania. Amezoea maji ya chumvi na magadi ambayo samaki wengine wangekufa humo, na ziwa likikauka hupungua, na mvua zikirudi huongezeka tena. Sato ni mgeni katika nchi hizo. Akiingia, huwanyang'anya wenyeji chakula na mahali pa kuzalia, tena huzaana na perege wa aina nyingine, wakatoka machotara, hata baada ya vizazi kadhaa mtu asijue tena mwenyeji ni yupi.

Wako wasemao kwamba samaki mmoja mgeni hawezi kulidhuru ziwa zima. Hao na waangalie Ziwa Viktoria. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hilo. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuonekana kuwa jambo kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, akajaa ziwa lote. Furu, wale samaki wadogo ambao zamani walikuwa wengi kuliko samaki wote wa Ziwa Viktoria, wenye aina mamia, walipungua ghafula, na aina nyingi zikatoweka kabisa. Hatusemi kwamba sangara ndiye sababu ya pekee, maana uchafu wa maji na uvuvi vilikuwa na sehemu yao. Wala hatukatai kwamba amewaletea fedha watu wengi. Ngege naye, perege mwenyeji wa ziwa, karibu atoweke humo, na sato aliyeletwa katika miaka ile ile ya 1950 akakaa mahali pake. Leo mtu wa Mwanza akila sato husema anakula samaki wa kwao. Babu yake alikula ngege.

Na hapa liko jambo lililotufanya tulitazame tangi letu kwa heshima zaidi. Baadhi ya aina za furu ambazo ziwani hazionekani tena zingali hai katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, zikilindwa na watu wanaowatenga wageni wao, na kupima maji yao, na kuandika daftari kama ile ya mwanafunzi wetu. Kosa moja la haraka, ndoo moja ya samaki wasiotengwa, laweza kuizima kabisa aina nzima.

Samaki wetu wagonjwa, basi, hatukuwapeleka kijitoni. Watano walipona kwa chumvi. Waliokufa tulifukia chini ya mipapai. Na atakaye kuingiza samaki wa aina ngeni katika maji ya nchi, hata kwa nia ya kilimo, kwanza na aende kwa afisa uvuvi wa wilaya, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haikuyaacha mambo hayo katika hiari ya kila mtu. Ufugaji wa samaki si jambo jipya kwetu. Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Lakini bwawa la samaki ni jambo moja, na mto ni jambo jingine, na kati yao pawepo ukingo imara na wavu penye mfereji wa kutolea maji.

Limebaki neno dogo juu ya amani ya nyumbani. Samaki mgeni akiisha kutengwa na kuonekana mzima, bado yuko hatarini kwa wenyeji. Sato dume huchimba shimo mchangani, akalifanya milki yake, na mgeni apitaye karibu huumwa mapezi. Sisi hufanya hivi: kabla ya kuwatia wageni twahamisha mawe yote ya tangi, ili mwenye milki aipoteze na wote wawe wageni kwa pamoja, twawalisha wenyeji upande mmoja, na huku twawaachia wageni upande wa pili, tena twafanya jioni, taa ikiwa imezimwa. Asubuhi huwa wamekwisha kugawana mahali. Wageni wawe kadhaa pamoja, wasiwe mmoja, maana mmoja peke yake hupokea mapigo ya wote.

Sasa turudi kwa mzee. Vifaranga wa kumlipa tuliwanunua mwezi wa Juni mwaka 2019, tukawatia katika mapipa manne yaliyokatwa, nyuma ya jiko la chuo ambako kuna joto la ukuta. Siku ya ishirini na nane mzee alikuja na ndoo yake. Aliomba taa. Mwanafunzi akamshikia, naye akainama juu ya kila pipa, akawatazama samaki mmoja mmoja muda mrefu, ubavu huu na ubavu huu. Hakuona kipele. Nasi hatukuona.

"Ni wazima," akasema.

Tukamjibu kwamba waonekana wazima.

"Leo ni siku ya ngapi?"

Tukamwambia. Akaweka kidole katika maji, akakitoa, akakipangusa kwa koti lake. Kulikuwa na ukungu mzito siku ile, na kutoka jikoni hatukuweza kuiona hata barabara. Akaichukua ndoo yake ikiwa tupu, akasema kwamba kwa baridi hii mwanafunzi na aendelee kuhesabu, yeye atarudi baada ya juma mbili.